Mama Kitalu Anajibu: Airisi za kivulini zimegoma kutoa maua

Toleo lililopita nilidokeza kwamba mwenye kona ya kivuli asihangaike na waridi, apande airisi. Nimejitakia mwenyewe. Barua zilizoingia karibu zote zina kilio kimoja: majani yapo, maua hakuna. Nimechukua chache. Ambaye yake haimo asome ya kwanza, jibu lake liko humo.

Shikamoo Mama Kitalu. Nina zile airisi zenye ua jeupe na buluu katikati. Wifi yangu wa Sinza alinipa miche, nikaipanda chini ya mwembe uani kwangu Mbezi Beach. Majani yamejaa, kijani kibichi hasa, mgeni akija lazima asifie. Lakini ua sijaliona, na huu ni mwaka wa tatu. Za wifi, zilezile, mvua zikianza zinachanua. Nimeweka mbolea ya kuku, nimeongeza yurea, na kijana wa bustani anazipunguza kila mwezi zisichachamae. Nikose nini tena? – Mama Wawili, Mbezi Beach

Marahaba mwanangu. Mmea uleule kwa wifi unachanua na kwako umegoma, basi mmea hauna kasoro. Kasoro iko uani, na kwenye barua yako nimeiona mara tatu: mkasi, mwembe na mbolea. Naanza na mkasi wa kijana, maana hilo watu hawaniamini hadi niwashike mkono nikawaonyeshe.

Hiyo uliyonayo, kwa unavyoieleza, ni Neomarica gracilis. Kwao ni misitu ya joto ya Amerika ya Kusini, na kwa ukoo ni binamu wa airisi za Ulaya, ndiyo maana joto la Dar haliisumbui. Sasa ina ujanja mmoja: kikonyo chake cha ua kimejifanya jani. Ni bapa, ni kipana, kina kijani kilekile, kimesimama katikati ya wenzake. Na ua halitokei nchani kama ulivyozoea kwa maua mengine. Linatokea ubavuni, chini kidogo ya ncha, hivyo kwa mbali unaona tu jani lililovimba. Mara nyingi ndilo refu kuliko yote. Kijana anayepunguza ili bustani ikae sawasawa ataanza na lipi? Na lililo refu. Kila mwezi anakukatia maua yako anakwenda kuyatupa jalalani, na wewe unamlipa.

Kabla hujamgombeza, nenda kaangalie mwenyewe. Shika majani moja moja, ulipitishe kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka chini kwenda juu. Jani la kawaida ni jembamba mwanzo mpaka mwisho. Kikonyo kina uti mnene katikati, unausikia kabisa chini ya kidole, na ukikaribia juu unakutana na kifuko kidogo, magamba yake yamelaliana. Humo ndani mna tumba, na nyuma ya tumba hilo liko jingine linalosubiri zamu. Ua hufunguka asubuhi: petali tatu za nje nyeupe, tatu za ndani za buluu zimejikunja nyuma, kitako cha petali kina michirizi ya hudhurungi, na ukiinama ua lina harufu nzuri. Jioni limekwisha, limejiviringa kama tambi. Ukilikata na kikonyo chake kwa sababu limenyauka, umekata na yale yaliyokuwa yanafuata. Liache. Siku chache mbele kifuko hichohicho kitatoa jingine, na maua yakiisha patachipua mtoto mwenye majani yake. Akikua, uzito unakilaza kikonyo hadi chini, mtoto anagusa udongo anatia mizizi. Kwa namna hiyo mmea unatembea uani bila wewe kuupanda.

Kwa hiyo mkasi uwekwe ndani. Jani lililokauka kabisa huvutwa kwa mkono, linatoka lenyewe. La kijani haliguswi, hata likiwa limelala njiani.

Sasa mwembe. Watu wa Dar tuna kawaida ya kuuita mmea "wa kivulini" kisha tunaupeleka gizani. Kivuli cha mwembe mkubwa ni kizito mno. Majani yake ni mapana, yamebanana, na hayapukutiki yote kwa pamoja msimu wowote. Chini yake airisi haifi. Inarefusha majani ikitafuta mwanga, inakuwa na rangi nzito ya kijani inayovutia wageni, na nguvu yake yote inaishia hapo. Ile rangi unayosifiwa ndiyo mmea unakwambia hauoni jua.

Pima hivi. Chukua ukurasa mweupe wa daftari, uulaze juu ya majani ya airisi saa nne asubuhi siku ambayo hakuna mawingu. Nyoosha mkono juu yake, kama futi moja hivi. Kivuli cha mkono kikionekana kimekatwa wazi, vidole vinahesabika, hapo pana jua kali; jua la namna hiyo likidumu hadi alasiri litayachoma majani. Kikionekana lakini kingo zake zimefifia, hapo ndipo penyewe. Usipoona kivuli cha mkono kabisa, utapata majani mpaka uzeeke. Rudia saa kumi jioni. Sehemu inayopata jua la asubuhi hadi saa nne hivi, kisha mwanga wa kuchujwa siku nzima, ndiyo airisi hii inayopenda kuliko zote. Nadhani wifi yako wa Sinza ana mwarobaini au hana mti kabisa, ana ukuta tu.

Una njia mbili. Ya kwanza, kuuinua mwembe: kata matawi ya chini yanayolalia, ili jua la asubuhi na la jioni lipenye kwa ubavuni. Fanya hivyo maembe yakiisha, kabla ya masika kuanza Machi, na anayekata avae mikono mirefu maana utomvu wa mwembe unababua ngozi. Tawi likiwa limevuka kwa jirani, mwambie kwanza. Hutaki ugomvi kwa ajili ya ua. Njia ya pili, ambayo mimi ningeichukua, ni kuzihamisha airisi kutoka karibu na shina la mwembe hadi pale matawi yanapoishia. Hapo kuna faida mbili. Mwanga ni zaidi, na mvua inafika. Karibu na shina, mvua nyepesi ya vuli inaishia juu kwenye majani, na tone linalofika chini linanyonywa na mizizi ya mwembe iliyo juujuu. Chimba kidole siku mvua imenyesha usiku, utashangaa: uani matope, chini ya mwembe vumbi.

Ukihamisha, usizike. Lile shina la ardhini lenye vipingili, lililolala kama tangawizi, linakaa karibu na uso wa udongo, mgongo wake ukiwa umefunikwa kidogo tu. Ukilizika kina cha mhogo litatoa majani na kuoza taratibu. Panda machipukizi matatu au manne pamoja, yasitawanywe moja moja, kwa sababu mmea huu huchanua vizuri ukiwa umebanana kidogo. Na ujue ukihamisha mmea umeusumbua. Unaweza kukaa msimu mzima unajipanga kabla haujafikiria ua.

Mbolea nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo rahisi: acha. Yurea ni naitrojeni asilimia 46, kazi yake ni majani, na mahindi ndiyo yanaihitaji. Mbolea ya kuku nayo ni kali kwa naitrojeni, hasa ile mbichi inayotoka moja kwa moja kwenye banda la kuku wa mayai. Umeulisha mmea chakula cha kunenepesha halafu unauliza kwa nini umenenepa. Mwaka huu usiweke kitu zaidi ya mboji ya majani iliyoiva, ndoo moja kwa fungu zima, mwanzo wa masika. Mvua zitaisafisha hiyo iliyozidi.

Kuna wanaosema airisi hii haitoi ua hadi chipukizi lifikishe majani 12, na nchi nyingine huuita mmea wa mitume kwa sababu hiyo. Mimi sihesabu. Ukweli uliomo ni kwamba chipukizi changa halichanui, na kijana anayekata majani kila mwezi anahakikisha machipukizi yote yanabaki machanga.

Habari za kazi dada. Dada yangu anaishi Marekani, North Carolina. Ana airisi fupi za buluu chini ya miti nyuma ya nyumba, anasema huota zenyewe porini huko. Nilimwomba aniletee mizizi yake Desemba akija likizo. Kanijibu hata zake zimeacha kutoa maua, ni majani tu. Je, akiniletea zitachanua Kimara? Na zake afanyeje? – Kaka wa Kimara Korogwe

Salama kaka. Nianze na la kwako: hapana, asilete.

Kwa ufupi wake, rangi na mahali, hizo ni Iris cristata, airisi ya msituni ya mashariki ya Marekani. Haizidi kimo cha kiganja na vidole vyake. Ni kiumbe cha majira. Baridi ikiingia majani yanakufa, mmea unalala ardhini miezi kadhaa kwenye baridi ya kweli, na usingizi huo ndio unaouandaa kuchanua Aprili na Mei. Wewe Kimara usiku wa Julai ukijifunika shuka mbili unasema baridi, nayo ni nyuzi 18 au 19. Mmea huo hautalala. Utajaribu kuishi bila kupumzika, utadhoofika, na mvua za masika zitaumalizia kwa kuuozesha.

Tena kuna sheria. Mmea au mzizi hauingii nchini ndani ya sanduku la nguo. Unahitaji kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Mizizi yenye udongo hubeba wadudu na magonjwa ambayo hapa hatuna, na hatuyataki.

Sasa la dada yako, na hili ni zuri kulifahamu hata kwa sisi wa huku. Miti ya msitu wa kule hupukutisha majani yote wakati wa baridi. Majira ya kuchipua yakifika, jua linateremka hadi chini kwa wiki kadhaa kabla ya miti kuvaa tena majani. Airisi hizo zimejengwa kwa ajili ya dirisha hilo: zinaamka mapema, zinachanua haraka, kisha miti inafunga pazia, nazo zinaishi kiangazi chote kivulini. Kwa hiyo anaposema ziko chini ya miti, muulize miti gani. Kama ni misonobari isiyopukutika, dirisha halifunguki kamwe. Kama ni miti ya kupukutika lakini imekua ikashikana, hata matawi matupu yanazuia mwanga, na kivuli cha kiangazi kimekuwa kizito mno. Apunguze matawi ya chini.

La pili, amwulize anayemfagilia majani. Majani makavu yakirundikana juu ya airisi hizi hadi kiganja, mizizi inaoza na matumba hayatoki. Zenyewe zinapenda shina lao la ardhini liwe karibu kuonekana. Ayaondoe, aache tandiko jepesi tu. La tatu, kama fungu limekaa miaka mingi, katikati huwa pamechoka. Maua yakishapita, ang'oe, agawe, apande vipande vya pembeni vyenye nguvu, achanganye na mboji ya majani. Mwaka unaofuata zinaweza kumnunia. Ule wa pili aanze kuangalia.

Na wewe kaka, ukitaka airisi ya msituni, ya nini kuagiza Marekani? Afrika tunayo ya kwetu, Dietes iridioides. Inaota kingoni mwa misitu kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na misitu ya milima ya Tanzania imo. Majani yake hayakauki mwaka mzima, yanasimama kufika magotini au zaidi. Ua ni jeupe, lina alama za njano, katikati limepakwa zambarau nyepesi. Nalo linadumu siku moja, lakini fungu zima lina tabia ya kuchanua kwa mkupuo. Unaamka asubuhi unaona jeupe bustani nzima, kesho yake hakuna kitu, unangoja mkupuo mwingine. Wauza miche wanaoshusha mizigo kutoka Lushoto huwa nayo mara moja moja. Muulize muuzaji imekaa Dar muda gani. Iliyoshuka juzi kutoka kwenye ubaridi inahitaji kivuli na maji kwanza, usiipeleke moja kwa moja penye jua la Kimara. Vikonyo vyake vya ua pia hudumu miaka, vinachanua tena na tena, kwa hiyo yale niliyomwambia Mama Wawili kuhusu mkasi yanakuhusu.

Mama shikamoo. Nyumba yetu Tabata haina mti hata mmoja, ni uzio wa matofali pande zote. Nipande airisi upande gani wa ukuta? Upande wa nyuma zimeungua Januari, na Julai zilikuwa kwenye unyevu muda wote. – Kijana wa Tabata Segerea

Marahaba. Hili swali nalipenda, maana wengi hudhani kivuli cha ukuta hakihami.

Sisi tuko chini kidogo ya Ikweta, nyuzi 6 na ushei kusini. Kwa sababu hiyo jua la saa sita mchana haliko sehemu moja mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba linapita juu ya utosi. Juni linapita upande wa kaskazini, upande wa Bagamoyo. Desemba linapita kusini, upande wa Mbagala. Uzio wenu ukiwa na kimo cha mita 3, basi saa sita mchana mwezi Juni unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu upande wake wa kusini. Desemba kivuli kimehamia kaskazini, nacho hakifiki mita 1.

Sasa soma barua yako tena. Zimeungua Januari, zimelowa Julai: umezipanda upande wa kusini wa ukuta. Wakati wa kipupwe, jua ni la upole, zenyewe ziko gizani kwenye unyevu. Wakati wa kaskazi, joto limefika kooni, ukuta hauzikingi kabisa, na matofali yanarudisha joto. Umezipa kila kitu kwa kinyume.

Hamisha upande wa kaskazini wa ukuta, karibu, ndani ya nusu mita. Hapo zitapata jua la Juni hadi Agosti ambalo haliumizi, na mchana wa Desemba na Januari zitakuwa ndani ya kivuli. Kaskazi watu wanajua upepo unakotoka, huhitaji dira. Kama upande huo una magari, basi ukuta wa magharibi mwa uwanja, ambao uso wake unatazama mashariki, utakupa jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Usipande mbele ya ukuta unaotazama magharibi. Jua la saa tisa alasiri mwezi Februari halina huruma hata kwa mswaki wa plastiki.

Halafu panda mti, kijana. Kiwanja kizima bila mti ni cha nini? Mkungu unafaa: unakua haraka, matawi yake yanakaa ghorofa ghorofa hivyo mwanga unapita kati, na unapukutisha majani mekundu kwa vipindi, ukiruhusu jua chini. Ila majani hayo ni makubwa kama sahani. Yakianguka juu ya airisi yaokote. Mkrismasi una kivuli chepesi kizuri kuliko vyote, lakini mizizi yake itainua uzio wenu, usiupande karibu.

Naishi ghorofa ya tatu Upanga, nina kibaraza tu. Neomarica yangu iko kwenye chungu, inachanua vizuri, watoto wananing'inia hewani. Niwafanyeje? – Bibi wa Upanga

Shikamoo bibi. Wewe ungetakiwa kuandika safu hii. Weka kiriba au kopo lenye udongo mwepesi pembeni ya chungu, ulaze mtoto juu yake bila kumkata kutoka kwa mama, umbane kwa waya uliokunjwa au kipini cha nywele. Akishika, ukimvuta kidogo akakataa kutoka, kata kikonyo. Chungu usikibadilishe kwa kikubwa haraka. Mizizi ikibanana kidogo ndiyo maua. Na wajukuu wakija, wasitafune chochote, hasa mizizi: mimea ya ukoo huu huchafua tumbo.

Mama Kitalu, harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi. Naweza kutumia airisi zangu kupamba meza ya maharusi? – Mwananyamala

Zikichumwa asubuhi, sherehe ikianza usiku zimeshafunga. Nunua asumini.

Dada, habari. Niko Kigamboni, namwagilia kwa maji ya kisima. Airisi zangu ncha zote za majani zimekuwa kahawia na maua yamekuwa machache kila mwaka. Fundi wa bustani anasema ni ugonjwa, ameniuzia dawa. – Baba wa Kigamboni

Nzuri kaka. Kabla ya dawa, onja maji. Visima vingi vya ukanda huo vimeingiliwa na chumvi, na mmea unaomwagiliwa chumvi huisukuma hadi nchani mwa majani, ndipo panaungua kwanza. Ugonjwa wa ukungu kwa kawaida huja na madoa ya mviringo popote kwenye jani. Ncha zote kukauka kwa mpangilio mmoja ni dalili ya maji. Hiyo dawa irudishe kama atakubali.

Kinga maji ya mvua, hata pipa moja chini ya bati, uyatumie kwa airisi peke yake miezi ya kiangazi. Ukikosa, mwagilia kisima mara chache lakini kwa wingi, ili maji yapite yaende chini na chumvi, kuliko kikombe kimoja kila jioni ambacho kinakauka juu na kuiacha chumvi palepale. Kichanga chenu Kigamboni kinasaidia hapo, kinapitisha maji upesi. Tandaza makuti yaliyokatwakatwa au nyasi kavu kupunguza ukavu, ila usizifunike shingo za mimea. Mbolea ya dukani sahau kwa sasa, nayo ni chumvi. Jivu pia usiweke. Masika moja nzuri ikipita, majani mapya yatatoka yakiwa safi; yale ya zamani hayatapona, yaache yafe yenyewe.

Mama, matumba yangu yanaliwa usiku. Naona utelezi asubuhi. Nimwage chumvi? – Msomaji, Kijitonyama

Chumvi usimwage! Hujasoma ya Kigamboni hapo juu? Huyo ni konokono, na mvua zikianza wale wakubwa wa Kiafrika wanakuja kwa ukoo mzima. Toka saa mbili usiku na tochi, hasa ikiwa imenyesha mchana. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, usimshike kwa mkono mtupu, maana anabeba vimelea. Tia kwenye ndoo yenye maji ya sabuni. Mchana inua mawe, vigae na vyungu vilivyokaa, ndiko wanakojificha, na ukiona mayai meupe mfano wa punje za mahindi machanga yaponde. Fanya hivyo wiki mbili mfululizo, si usiku mmoja. Na ile mimea iliyobanana na ukuta wenye majimaji, safisha nyuma yake, maana ukiacha hapo patupu na pakavu hawana pa kujificha mchana.